Sauti ya Baba Dubu

Januari, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umeukalia mji kama mgeni asiyeaga.
Studio iko ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu.
Ukutani wamebandika magodoro ya zamani yameze mwangwi;
moja lina doa la chai lenye umbo la sikio.
Hapo ndipo ninapokuwa dubu.

Wakubwa wa runinga walitoa sharti: chupa isionekane.
Ni katuni ya watoto, walisema, saa kumi na mbili jioni, watu wanakula.
Basi Tsermaa, mchoraji, akafuta chupa
akachora birika, na ndani ya birika, wingu.
Kila jioni Baba Dubu anakunywa wingu
na kila anapokunywa, mvua inanyesha ndani ya nyumba:
inalowesha daftari, inazima jiko,
inamlowesha mama anayejifanya anapiga deki.
Wakubwa wakaipitisha. Walidhani ni hadithi ya hali ya hewa.

Siku ya kwanza mwongozaji aliniambia,
"Sodnom, hapa lewa kidogo, usizidishe."
Sikuhitaji kufundishwa.
Naijua ile r inayoteleza kama kiatu kwenye barafu,
naujua upole unaotangulia kelele,
na lile swali lisilotaka jibu:
"Nani ameacha mvua iingie?"
Nililisema mara moja tu. Fundi mitambo akavua hedifoni,
akanitazama, akazivaa tena.

Walinilipa vizuri. Nikapita kwa Luvsan, nikapiga mtindi.
Kwetu mtindi ni mtindi kweli, wa farasi, mweupe,
lakini ule wa Luvsan ulikuwa mwangavu kama maji
na ulitoka kiwandani.

Binti yangu Egshig ana miaka saba.
Sehemu ya nne aliitazama kwa bibi yake,
yeye na binamu zake watatu, bakuli la maandazi ya nyama katikati.
Binamu walicheka dubu alipoteleza kwenye dimbwi lake mwenyewe.
Yeye, bibi ananiambia, hakucheka.
Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo,
akasema, "Huyo ninamjua."
Wakadhani anamsema dubu.

Usiku ule nilirudi nimevaa miwani,
nikipapasa ukuta uliokuwa ukinihama.
Nikafungua chumba chake nimfunike blanketi,
kazi ninayoipenda hasa nikiwa siiwezi.
Juu ya kitanda, mwavuli.
Mwavuli wa mama yake, wa buluu, ubavu mmoja umevunjika,
umefunguliwa wote, mpini umefungwa kwenye tendegu
kwa kamba ya kiatu.
Nje hapakuwa na tone ambalo lingeanguka lisigeuke jiwe.
Chini ya mwavuli: mtoto, daftari la hesabu, paka wa jirani.

Umleavyo ndivyo akuavyo.
Nilisimama pale nikiyahesabu maneno.
Kati ya kulea na kulewa pana herufi moja,
nami nimeibeba miaka saba mfukoni,
imefungwa kizibo.

Leo tumerekodi sehemu ya tisa. Baba Dubu anaomba radhi.
Sentensi yenyewe fupi: "Mwanangu, mvua ile ilikuwa yangu."
Nikaisema. Mwongozaji akainua kidole gumba: safi, tuendelee.
Ilikuwa safi mno. Nilijisikia nikiitetemesha sauti
mahali penyewe, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja.
Nikaomba turudie. Tukarudia. Mara ya sita
fundi mitambo akasema umeme ni ghali.

Nimefika nyumbani mapema, mkono mtupu, mdomo mkavu.
Egshig anachora mezani, haniangalii.
Mwavuli ungali juu ya kitanda. Sikuugusa.
Nimeuliza kama naweza kuutengeneza ule ubavu.
Amefikiri, penseli mdomoni.
"Ubavu tu," amesema. "Usiufunge."